Buku ya Gari la Mbio, Matope ya Kabambare



Kuna aina moja ya videyo inapita siku hizi kwenye telefoni za wengi kati yetu: namna ya kutunza gari la mbio. Nikisema gari la mbio sisemi lile la mashindano tu, nasema lile fupi, la chini, la watu wawili, ambalo kijana wa Ulaya ama wa Dubai anasimama pembeni yake moteri ikiwa wazi na kuanza kufundisha. Badilisha mafuta hivi. Pima hewa ya mipira asubuhi. Usiache batri ilale. Usiwashe na kukanyaga gesi papo hapo. Tunaangalia, tunacheka, kiisha tunapanda pikipiki zetu na kwenda zetu.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa dharau: hii inatusaidia nini sisi watu wa Kasongo? Lile gari lingefika kilometri ngapi kwenye barabara ya Kabambare? Watu walicheka sana, na mimi nilicheka. Lakini nilirudi nyumbani nikaziangalia tena zile videyo, moja moja, nikachukua na kale kabuku kalikokuja na pikipiki yangu, nikaviweka pamoja kama vile tulivyofundishwa kulinganisha maandishi mawili. Leo nataka kuvihukumu kwa haki. Wazo langu ni hili: ushauri wa gari la mbio unatufaa kuliko buku ya pikipiki yetu wenyewe. Na pale unapokosea, unakosea vibaya.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili linaniuma. Nilipomaliza masomo nilifundisha miaka miwili, nikaweka akiba. Nusu ya bei ya pikipiki ilitoka pale, nusu nyingine alinikopesha mjomba baada ya kuuza mpunga wake. Mdogo wangu njo alikuwa motari. Alipiga njia ya Kasongo–Kabambare, na kila Jumamosi alileta pesa ya juma. Pesa ile ililipa minervale ya dada yetu. Mwezi wa saba moteri ikakamata, kilometri chache mbele ya kufika Kabambare, na abiria mmoja na magunia mawili juu yake. Walisukuma paka usiku. Fundi alipoifungua, silinda ilikuwa na mikwaruzo kama mtu aliyeipiga msumeno, segmenti zimekwisha, na mafuta yaliyotoka chini yalikuwa meusi na mazito sawa vile lami. Aliniuliza: "We lisansie, vidanji unafanyaka lini?" Nikamwonyesha kabuku. Nilikuwa nimefuata kilometri zake bila kukosa hata moja. Nilikuwa na daftari! Dada yangu alipoteza mwaka, na mjomba mpaka leo ananisalimu vizuri sana, adabu nyingi, na deni hatulitaji.

Sasa tuingie ndani ya buku yenyewe. Kabuku ka pikipiki kanahesabu kila kitu kwa kilometri. Baada ya kilometri kadhaa, badilisha mafuta. Baada ya nyingine kadhaa, angalia bugi. Ni hesabu nzuri kwa mtu anayekwenda kwenye lami. Lakini tufanye hesabu ya darasa la sita. Kwenye lami, kwa mwendo wa kilometri 60 kwa saa, kilometri 1000 ni masaa 17 hivi ya moteri kuzunguka. Kwenye njia yetu wakati wa mvua, kwa mwendo wa 15 kwa saa, zile zile kilometri 1000 ni masaa 66 na zaidi. Mara nne! Na masaa hayo yote moteri iko kwenye vitesi ya kwanza na ya pili, inalia, inabeba watu wawili na gunia, upepo wa kuipoza hakuna kwa sababu haitembei. Kilometri kwenye saa ya pikipiki inasema ukweli, lakini moteri haiishi kwa kilometri. Na mara ngapi kabule ya ile saa imekatika na hakuna aliyejali?

Watu wa gari la mbio wanalijua hili zamani. Mwenye kupeleka gari lake kwenye uwanja wa mbio hahesabu kilometri, anahesabu masaa. Anajua kwamba nusu saa ya kuisukuma moteri inakula mafuta kuliko juma zima la kwenda kazini polepole. Hata mabuku ya magari ya kawaida yana safu ya pili, imeandikwa kwa herufi ndogo, ya "hali ngumu": vumbi, matope, mizigo mizito, mwendo mdogo na kusimamasimama. Pale hesabu inakatwa kwa nusu ama zaidi. Nani kati yetu aliwahi kusoma safu hiyo? Mimi sikusoma. Tunadhani hali ngumu ni ya watu wa jangwani. Kumbe ile safu ya pili njo Kasongo, njo Kabambare, njo Salamabila, kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo mdogo wangu sasa anahesabu safari. Kwenda na kurudi mara fulani, basi, mafuta yanatoka, hata kama kilometri zinaonekana kichekesho. Moteri ya pikipiki zetu inachukua karibu litri moja tu ya mafuta. Ni kitu kidogo sana kulinda kitu kikubwa. Na kuongeza mafuta mapya juu ya meusi si vidanji. Hilo nalisema kwa sababu wengi wanafanyaka hivyo na wanaliita vidanji.

Jambo la pili ni filtri ya hewa, na hapa nawapa zile videyo heshima kamili. Wanarudia mpaka unachoka: moteri inapumua. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, barabara yetu inakuwa unga mwekundu. Gari moja la mizigo likipita mbele yako, unakula udongo kwa dakika nzima, na pikipiki inakula pamoja nawe. Kabuku kanasema safisha filtri, sentensi moja, picha moja. Hakasemi namna. Filtri ya eponji inaoshwa kwa maji na sabuni, inakamuliwa bila kuisokota, inakaushwa kivulini, kiisha inapakwa mafuta kidogo ili vumbi lishikwe. Ya karatasi haioshwi hata siku moja. Inagongwa polepole, ama inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, si kutoka nje kwenda ndani, maana ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi ndani ya karatasi.

Lakini kosa kubwa kwetu si kuisafisha vibaya. Ni kuitoa kabisa. Mafundi wengine wanaitupa, wanasema "sasa pikipiki imepata nguvu." Na kweli kwa siku chache unasikia nguvu, sauti inabadilika, kijana anajisikia kwenye gari la mbio yeye pia. Vumbi la laterite ni kama karatasi ya msasa. Linaingia kati ya pistoni na silinda, linasaga pole pole, na baada ya miezi michache unaona moshi wa bluu nyuma. Hapo umeuza moteri kwa kelele. Na fundi yule yule njo atakuuzia segmenti. Sisemi anafanya kusudi. Wengi wanaamini kweli.

Kwenye esansi, videyo hazitufai hata kidogo. Kijana wa Dubai anabishana kama aweke namba hii ya esansi ama ile nyingine kwenye pampu. Sisi tunanunua kwa Kadhafi, kandokando ya barabara, kwenye chupa. Namba gani? Tunaomba tu iwe esansi. Imesafiri kwenye bidoni, imemiminwa mara tano, imenyeshewa, na wengine wameiongeza petroli ya taa. Hakuna videyo hata moja niliyoona iliyofundisha kusoma chupa, na hii ni elimu kubwa kuliko namba zao zote. Acha chupa itulie kidogo, uitazame chini dhidi ya mwanga. Maji ni mazito kuliko esansi, yatakaa chini kama jicho. Ukishuku petroli ya taa, paka tone mkononi: esansi inakauka haraka na kuacha baridi, petroli ya taa inabaki na utelezi. Mimina kwa kitambaa safi, na ile sehemu ya mwisho ya chupa usiimalize. Chini ya karbireta kuna bisi ndogo ya kumwaga. Ifungue mara kwa mara, utaona mwenyewe unachokunywesha pikipiki yako. Mwenye kufundisha haya ni motari wa darasa la nne ya msingi, na hajawahi kupiga videyo.

Narudi kwenye sifa, maana kuna sura moja ambayo nilishangaa sana. Wenye magari ya mbio huko Ulaya wanayafungia ndani miezi ya theluji. Kwa hiyo wameandika kirefu kuhusu gari linalolala: batri inakufa, esansi inaganda kwenye mirija, mipira inapata ubapa upande mmoja, panya wanakula nyaya. Nilipoisikia sura hiyo nilisema, ah, huyu anasema juu yetu! Wao wana theluji, sisi tuna mvua. Daraja la miti likibebwa na maji, ama barabara ikifungwa kwa habari mbaya za usalama, pikipiki zinalala juma tatu, juma sita, chini ya paa la nyasi. Siku njia inafunguliwa kila mtu anakimbia kupiga kiki, haiwaki, anaanza kulaani Wahindi na Wachina. Kumbe kazi yenyewe ni ya dakika kumi siku ya kuilaza: funga robine ya esansi, iache moteri iungurume mpaka izime yenyewe ili karbireta ibaki tupu, toa waya wa batri, isimamishe kwenye miguu yake miwili ili mpira usibebe uzito mahali pamoja, weka kitambaa kwenye bomba la moshi. Na siku ya kuiamsha usiipakize abiria papo hapo. Kabuku ka pikipiki kanadhani pikipiki inatembea kila siku ya maisha yake. Ulaya na Kabambare, kwa hili tu, tunaelewana.

Maji pia. Gari la mbio liko chini, linavuta hewa karibu na ardhi, basi wenyewe wanaogopa mafuriko kama paka. Wanaonya: likizima ndani ya maji, usiliwashe tena. Sababu yake inaelezwa vizuri kwenye videyo moja na naomba muisikie. Pistoni inabana hewa, lakini maji hayabaniki. Ukilazimisha, kitu kitakachoinama ni chuma. Nimeona kwenye mito yetu kijana anazimisha katikati, anapiga kiki kwa hasira mara ishirini, marafiki wanamshangilia. Sukuma mpaka ng'ambo, toa bugi, piga kiki pole pole mpaka maji yatoke kwenye tundu lake, kausha bugi, angalia mafuta: yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia, yamwage yote. Na ukishatoka mtoni gusa freni kidogo kidogo ukitembea, ili zikauke kabla hujazihitaji kwenye mteremko. Hili la freni wamotari wetu wanalifanya bila kufundishwa.

Sasa nijibu lile swali la dharau: gari la mbio lingefika wapi? Jibu liko jirani yetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye matope na vumbi lile lile tunalolijua. Mwaka 1971 na 1973 iliyoshinda ilikuwa Datsun 240Z, gari la mbio kabisa, la milango miwili, pua ndefu. Mwaka 1973 aliyeliendesha alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alikuja kushinda mara tano kwa jumla. Lakini angalia upande mwingine. Porsche 911, ambayo kila kijana ameibandika ukutani, ilimaliza ya pili mwaka 1974 na tena ya pili mwaka 1978. Mwaka ule wa 1974 iliyoipita ilikuwa Mitsubishi Lancer ndogo ya Joginder Singh wa Kenya, mtu aliyekuwa ameshinda 1965 na Volvo PV544, gari la mtindo uliokuwa umekwisha kuzeeka. Sisemi gari ni kitu bure. Nasema tu kwamba mwenzetu aliyecheka alicheka haraka. Na hata hapa Kabambare, Livingstone mwenyewe mwaka 1870 alikwama majuma mengi kwa sababu ya vidonda vya miguu. Njia hii imewashinda wenye viatu vizuri tangu zamani.

Kosa langu kubwa na hizi videyo ni sentensi moja wanayomalizia karibu zote: "ukiwa na mashaka, mpelekee fundi wako, na tumia pyesi za asili." Fundi yupi? Pyesi zipi? Pyesi zinatufikia kutoka Bukavu, Kalemie ama Kindu baada ya mikono mingi, na boksi lenye jina zuri si ushahidi wa kitu kilichomo. Ushauri unaomalizia kwa "nenda kwa mwingine" unamwacha mtu pale anapoanza kuhitaji ushauri. Ningependa mtu mmoja atuonyeshe bugi ya kweli na ya uongo mezani, atuonyeshe shene iliyovutika na dishi ambalo meno yake yamekuwa kama miiba, aeleze kwa nini kuweka shene mpya kwenye dishi la zamani ni kutupa pesa. Aonyeshe namna ya kusoma bugi iliyotumika: rangi ya udongo mkavu ni afya, nyeusi ya masizi ni esansi nyingi ama filtri imeziba, nyeusi inayoteleza ni mafuta yanapanda, basi anza kuweka akiba. Bugi ni ripoti ya daktari inayouzwa pamoja na pikipiki, na tunaitupa bila kuisoma.

Kuna na upuuzi mtupu ndani yake, nisiufiche. Dakika tano nzima za kupaka nta ili gari ing'ae. Mwingine anachagua harufu ya kiti. Yule anayesema mipira ibadilishwe ingali na nusu ya maisha angekuja asimame sokoni siku moja aone mpira umeshonwa kwa uzi wa nailoni na bado unabeba mwalimu kwenda shuleni.

Na lugha. Kabuku kangu kako kwa Kiingereza, na kurasa chache za Kifaransa kilichotafsiriwa na mtu asiyejali. Mdogo wangu, ambaye njo mwenye kuendesha, hawezi kukasoma. Mimi ninayeweza kukasoma sikuwa nikiendesha. Kati ya sisi wawili moteri ilikufa. Nimelifikiria hili sana: elimu ilikuwa nyumbani mwetu pande zote mbili, yangu ya kuhesabu na yake ya kusikia sauti ya moteri ikibadilika. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amesikia kitu juma mbili mbele. Hakusema kwa sababu kaka yake lisansie alikuwa na daftari.

Kwa hiyo mimi na yule fundi mzee aliyeifungua moteri tumeanza kuandika karatasi moja, uso na mgongo, kwa Kiswahili chetu, ya kufungwa kwenye plastiki na kuwekwa chini ya kiti. Safari, si kilometri. Chupa. Filtri. Siku ya kulala na siku ya kuamka. Mto. Tumefika kwenye kupima nafasi ya supapu na hapo tumekwama, maana yeye anataka iandikwe "pumzi ya supapu", mimi nasema watu watafikiri ni hewa. Anasema watu gani, mimi njo nazifungua kila siku. Juma lijalo tutakaa tena, na mdogo wangu atakuwepo.